UCHAMBUZI: Mishahara ya masoko ya fedha yawatia mabingwa wa hesabu njia panda

TANGU Novemba 2022, waajiri wa jiji la New York nchini Marekani wanalazimika kisheria kuonyesha kiwango cha mshahara katika matangazo yao ya kazi. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya ubaguzi wa malipo, lakini ilianika pia jambo ambalo awali lilinong'onwa tu katika mabweni ya vyuo vikuu.

Baadhi ya kampuni zinazoongoza katika biashara ya hisa kwa kutumia hesabu na kompyuta hutangaza mshahara wa msingi unaozidi dola 200,000 kwa mwaka kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, kabla ya bonasi kuhesabiwa. Kwa ubadilishaji wa takriban Sh129 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh25 milioni.

Humu nchini, walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi (JSS) walipogoma mwaka wa 2024, walikuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa aina hiyo, ambaye huenda ndiye anayemfundisha bingwa wa hesabu wa kesho, angelazimika kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 100 ili kupata anachopata kijana huyo wa New York kwa mwaka mmoja.

Pengo hilo ndilo linalowaweka njia panda vijana waliojaliwa kipaji cha hesabu. Je, mtu afuate mshahara, au atafute kazi itakayomridhisha moyo hata kama mfuko utabaki mwepesi?

Swali hilo haliwahusu watoto wa Marekani na Uingereza pekee. Kampuni hizo husaka wafanyakazi katika vyuo vikuu vikubwa vya nchi hizo, ambako Wakenya pia husoma. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na JKUAT hufundisha taaluma ya hesabu za bima, ambayo ni tawi la ukoo huo huo.

Hata hivyo, ni bayana kwamba swali lenyewe, jinsi linavyoulizwa mara nyingi, lina kasoro. Huwekwa kana kwamba pesa ziko katika sahani moja ya mizani na furaha katika sahani ya pili. Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba mambo mawili zaidi hustahili kupimwa: ni nani anayefaidika na hesabu zinazopigwa, na iwapo mlango wa kutoka utabaki wazi siku ambayo mtu atataka kuondoka.

Chanzo cha kazi hii

Mwaka wa 1973, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha mlinganyo wa kukadiria bei ya mkataba unaompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa siku za usoni kwa bei iliyokubaliwa, bila kumlazimisha kufanya hivyo. Mwaka huo huo, soko maalum la mikataba ya aina hiyo lilifunguliwa jijini Chicago.

Kuanzia hapo, benki zilianza kuwatafuta watu ambao awali hazikuwa na haja nao, yaani wanafizikia na wanahisabati. Mmoja wao alikuwa Emanuel Derman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepata shahada ya uzamifu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akajiunga na benki ya Goldman Sachs mwaka wa 1985.

Mnamo 1993, Bunge la Marekani lilifuta mradi wa mtambo mkubwa wa kuchunguza chembe za atomu uliokuwa ukijengwa Texas. Wanafizikia wengi chipukizi walijikuta hawana matumaini ya ajira katika utafiti, na baadhi yao wakaelekea Wall Street.

Kwa hivyo, si haki kudai kwamba wote waliohama walisukumwa na tamaa. Nafasi za utafiti zilikuwa haba, nao walikuwa na familia za kulisha.

Aidha, kazi yenyewe ina raha yake. Mtafiti wa chuoni anaweza kungoja miaka kadhaa kabla ya kujua iwapo wazo lake lina mashiko. Katika soko la fedha, wazo hupimwa kwa takwimu za miaka iliyopita, likaingizwa katika programu ya kompyuta, na jibu likaja upesi kwa njia ya faida au hasara. Kwa mtu anayependa mafumbo na anayefurahia kuzungukwa na wenzake werevu, hiyo si adhabu.

Mfano wa Simons

Anayetajwa zaidi kama thibitisho kwamba mtu anaweza kupata utajiri na ridhaa kwa pamoja ni Jim Simons, Mmarekani aliyefariki Mei 2024.

Simons aliongoza idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Stony Brook tangu 1968 na kutuzwa mwaka wa 1976 kwa mchango wake katika jiometria. Alitoka chuoni 1978 akiwa na umri wa miaka 40 na kuingia katika biashara ya fedha, kisha akaanzisha kampuni ya Renaissance Technologies. Kwa mujibu wa kitabu cha mwanahabari Gregory Zuckerman kilichotoka 2019, hazina yake maarufu, Medallion, ilipata faida ya wastani wa asilimia 66 kwa mwaka kati ya 1988 na 2018, kabla ya ada kukatwa.

Lakini wanaomtaja Simons husahau mpangilio wa maisha yake. Kazi ya hisabati aliyoifanya na Shiing-Shen Chern, ambayo wanafizikia wanaitumia hadi leo, ilichapishwa 1974, kabla hajaacha chuo na kuingia katika biashara ya fedha. Alipotajirika, alirudi alikotoka. Mwaka wa 2004 alianzisha shirika la kuwaimarisha walimu wa hisabati, na 2023 wakfu wake ulitangaza msaada wa dola milioni 500 kwa chuo alichokihama.

Wala mali hiyo haikukosa doa. Mnamo 2021, Simons na wenzake walikubali kulipa kiasi kilichokadiriwa kufikia dola bilioni 7 ili kumaliza mzozo na mamlaka ya ushuru ya Marekani.

Kijana wa miaka 22 anayeingia katika kampuni kama hiyo hana jina katika hisabati wala usemi katika kampuni. Kujilinganisha na Simons ni sawa na mvuvi kununua ngalawa kwa sababu jirani yake aliwahi kuopoa lulu.

Nani anayefaidika?

Watetezi wa sekta hii wana hoja nzito. Kompyuta zimepunguza pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza hisa, hivi kwamba hata hazina ya pensheni ya mwalimu hulipa gharama ndogo kuliko zamani inapouza au kununua.

Hata hivyo, kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo manufaa yake kwa umma ni vigumu kuyaona. Mwaka wa 2010, kampuni ya Spread Networks ilikamilisha kebo ya takriban kilomita 1,330 kati ya Chicago na New Jersey. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 300. Ilipunguza muda wa ujumbe kwenda na kurudi kutoka karibu sehemu 17 za elfu za sekunde hadi 13.

Haukupita muda mrefu kabla ya minara ya mawimbi ya redio kuipiku kebo hiyo kwa kasi. Mwaka wa 2017, kampuni hiyo ilikubali kununuliwa kwa dola milioni 127. Akili nyingi na fedha nyingi zilitumika ili mfanyabiashara mmoja amtangulie mwenzake kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho.

Nchini India, suala hilo limechukua sura nyingine. Mnamo Septemba 2024, mamlaka ya kusimamia masoko ya nchi hiyo (SEBI) ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 93 ya watu binafsi waliofanya biashara ya mikataba ya hisa katika kipindi cha miaka mitatu walipata hasara. Kwa jumla, walipoteza zaidi ya rupia trilioni 1.8.

Julai 2025, mamlaka hiyo iliishutumu kampuni ya Marekani ya Jane Street kwa kuyumbisha bei za hisa ili kujinufaisha, na kuagiza zaidi ya rupia bilioni 48 zizuiliwe. Kampuni hiyo ilikanusha madai hayo na kwenda kuyapinga mbele ya jopo la rufaa.

Vyovyote kesi hiyo itakavyoamuliwa, inamkumbusha kijana kwamba kila faida ina upande wa pili. Nani aliye katika upande huo ni swali ambalo mwenye kutafuta ridhaa ya moyo hawezi kulikwepa.

Kuna pia hatari ya kuamini hesabu kupita kiasi. Myron Scholes na Robert Merton walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1997. Mwaka uliofuata, hazina ya Long-Term Capital Management, ambayo wote wawili walikuwa washirika wake, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 4, na taasisi 14 za fedha zikalazimika kuchanga dola bilioni 3.6 kuiokoa.

Baada ya mikopo ya nyumba kuitikisa dunia mnamo 2008, Derman na mwanahisabati Paul Wilmott walitoa mwito Januari 2009 wakiwataka wenzao wasiwape watu imani ya uongo kuhusu usahihi wa hesabu zao. Mwito huo ulitoka kwa watu wa ndani, waliojua mapungufu ya kazi yao.

Pesa na furaha

Je, mshahara mkubwa huleta furaha? Mnamo 2010, Daniel Kahneman na Angus Deaton waliripoti kwamba nchini Marekani, furaha ya kila siku ilikoma kuongezeka mapato ya nyumba yalipofika takriban dola 75,000 kwa mwaka. Matokeo hayo yalinukuliwa kote duniani na watu waliotaka kuthibitisha kwamba fedha ni fedheha.

Mwaka wa 2021, Matthew Killingsworth alitoa matokeo tofauti: furaha iliendelea kupanda hata baada ya kiwango hicho. Badala ya kurushiana maneno, watafiti hao waliungana, na 2023 Kahneman, Killingsworth na Barbara Mellers wakatoa jibu la pamoja. Kwa watu wengi, furaha huendelea kupanda pamoja na mapato. Kwa asilimia 20 hivi ya walio na huzuni zaidi, kupanda huko hukoma mapato yanapofika karibu dola 100,000.

Jibu hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, anayemwambia kijana kwamba pesa hazina maana anampotosha. Pili, mtu aliyelemewa na huzuni hawezi kutarajia mshahara mkubwa umwondolee mzigo huo.

Isitoshe, furaha hupanda kwa kadiri mapato yanavyoongezeka maradufu, si kwa kila dola moja. Anayetoka dola 200,000 hadi 400,000 huongeza furaha kwa kiasi kinachokaribiana na cha aliyetoka 50,000 hadi 100,000, ingawa ameongeza dola mara nne zaidi. Kadiri mtu anavyopanda ngazi, ndivyo kila hatua inavyomgharimu zaidi, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa kwa saa za maisha yake.

Kuchuma ili kutoa

Wapo waliodhani wamepata njia ya tatu. Katika miaka ya 2010, shirika la 80,000 Hours, lililoanzishwa Oxford nchini Uingereza, lilieneza wazo kwamba kijana mwerevu anaweza kuajiriwa katika masoko ya fedha kwa nia ya kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa maskini.

Wazo hilo si la kudharauliwa. Wafuasi wa fikra hiyo wamekuwa wakiyachangia mashirika kama GiveDirectly, ambalo lilianza kazi yake magharibi mwa Kenya kwa kuzitumia familia maskini pesa moja kwa moja kupitia simu. Mjane wa Siaya aliyeezeka nyumba yake mabati kwa pesa hizo hajali zilichumwa na mpiga hesabu wa London au na mkulima wa Kitale.

Lakini wazo hilo hilo ndilo lililomwongoza Sam Bankman-Fried, aliyejiunga na Jane Street mwaka wa 2014 na kutoa sehemu ya mshahara wake kwa misaada, kabla ya kuanzisha soko la sarafu za kidijitali la FTX mnamo 2019. Soko hilo liliporomoka Novemba 2022. Machi 2024, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 gerezani kwa ulaghai.

Wengi waliochagua njia hiyo hawakuiba chochote. Hata hivyo, kisa hicho ni onyo kwamba nia ya kutoa kesho haihalalishi lolote linalofanywa leo. Mali bila daftari huisha bila habari, na dhamiri nayo huhitaji daftari lake.

Mlango wa kutoka

Vijana wengi hujiambia kwamba watafanya kazi hiyo kwa miaka mitano, wajiwekee akiba, kisha warudi kufundisha au kufanya utafiti. Kutoka huwa kugumu kuliko walivyodhani.

Sehemu ya bonasi mara nyingi hucheleweshwa, hivyo anayeondoka mapema huiacha nyuma. Mikataba mingi humzuia mfanyakazi kujiunga na washindani kwa miezi au hata zaidi ya mwaka. Katika jimbo la Florida, ambako baadhi ya kampuni za fedha zimehamia, sheria iliyoanza kutumika Julai 2025 inaruhusu kizuizi hicho kufika miaka minne kwa wafanyakazi wenye mishahara mikubwa.

Usiri nao una gharama yake. Mtafiti wa chuo huchapisha makala na jina lake likajulikana. Anayefanya kazi katika kampuni hizi huacha kila alichogundua mlangoni siku anapotoka. Baada ya miaka kumi, huenda asiwe na ukurasa mmoja wa kuonyesha chuo anachotaka kurudi.

Juu ya hayo, maisha hupanda pamoja na mshahara. Nyumba, karo za watoto na matarajio ya jamaa hufanya kilichokuwa ziada kiwe hitaji. Kwa Mkenya aliye ng'ambo, mzigo huo huwa mzito zaidi, kwani nyuma yake kuna wadogo zake wanaosubiri karo na wazazi wanaosubiri bili ya hospitali ilipwe. Kwake, kukataa mshahara mnono ni uamuzi wa ukoo mzima.

Mfano wa Marsabit

Hata hivyo, hesabu zile zile zinazotumika Chicago zinaweza kufanya kazi nyingine. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walizindua Marsabit bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti.

Badala ya mkaguzi kuhesabu mizoga ya ng'ombe, setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011 baada ya ukame mkali, na mnamo 2015 serikali ikaanzisha mpango wake kwa mfumo huo huo.

Kukadiria bei ya bima hiyo ni kazi ya hisabati ya fedha. Anayeikosea, mfugaji hubaki na zizi tupu na karatasi isiyo na thamani.

Mikopo ya simu nayo ni kazi ya hesabu. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa 2012 na Fuliza 2019, kuna hesabu zinazoamua mama mboga atakopeshwa kiasi gani. Zikipigwa kwa uadilifu, humpa mtaji wa asubuhi. Zikipigwa kwa pupa, humtumbukiza katika madeni asiyoweza kulipa.

Kwa hivyo, kijana wa hesabu hana haja ya kudhani kwamba ridhaa iko darasani tu na pesa ziko New York tu. Tatizo ni kwamba kazi za katikati, zenye malipo ya kutosha na manufaa yanayoonekana, bado ni chache humu nchini.

Wajibu wa serikali

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mtu binafsi. Kati ya Septemba na Novemba 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kwa siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa mwaka wa 2017 hadi 2021. Mwanafunzi aliyeshuhudia profesa wake wa hisabati akiandamana kudai malimbikizi ya miaka mingi hahitaji kuhubiriwa kuhusu uzalendo. Amekwisha kupata somo lake.

Hakuna anayetarajia Kenya ilipe mishahara ya Wall Street, wala haihitajiki. Ikiwa utafiti wa 2023 ni wa kuaminika, kinachohitajika ni kumfikisha mwalimu na mtafiti mahali ambapo hahangaikii kodi ya nyumba. Kutoka hapo, ridhaa ya kazi inaweza kushindana na dola. Chini ya hapo, haiwezi, na kumlaumu kijana anayeondoka ni kumwonea.

Kwa upande wake, kijana anayekaribia kutia saini mkataba ana mambo matatu ya kuandika kabla ya mshahara wa kwanza kuingia: kiasi ambacho kitamtosha, mwaka ambao atajiuliza upya iwapo anafaa kubaki, na jina la mtu au jamii itakayofaidika na hesabu zake. Akishindwa kuliandika la tatu, ana sababu ya kusita.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kabla ya kuingia juani, ni busara kuhakikisha kwamba kivuli kipo na kwamba njia ya kukifikia haijafungwa.